Unene wa ukoo na moyo wa kijana: kinachoumiza ni jeni, au ni mafuta yenyewe?

#1 Kipanga wa Temeke

Habari za jioni wakuu. Miongoni mwa vijana wenzangu wenye miili mikubwa kuna kauli ninayoisikia mno, kwamba unene wa ukoo si ugonjwa, kwa hiyo aliyezaliwa katika familia ya watu wanene hana haja ya kuhangaika na moyo wake mpaka afikie utu uzima. Mimi sikubaliani nayo, na sababu yangu ni hii.

Katika eneo la Bristol, Uingereza, kuna watafiti ambao wamewafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 tangu mama zao walipokuwa wajawazito. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyochunguza mioyo ya watoto hao walipofika miaka 17 na 21. Hawakuishia kuuliza nani mnene na nani mwembamba. Walihesabu ni matoleo mangapi ya jeni zinazoongeza uzito ambayo kila kijana alirithi, kisha wakatazama presha na umbo la moyo. Walikuta kwamba uzito unaotokana na urithi huo unapandisha presha na kuongeza uzito wa misuli ya chemba kubwa ya kushoto, ile inayosukuma damu kwenda mwilini. Kwa kila pointi moja ya BMI, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, namba ya juu ya presha ilipanda kwa karibu 0.8 ya milimita ya zebaki.

Mtu anaweza kusema hicho ni kiasi kidogo. Lakini tofauti ya kijana mwembamba na kijana mnene inaweza kuwa pointi kumi au zaidi, na hawa walikuwa na miaka 17, umri ambao hakuna anayefikiria kupimwa presha. Swali langu kwenu ni hili: je, jeni hizi zinaumiza moyo kwa sababu tu zinaleta mafuta, au zina njia nyingine ya kuufikia moyo ambayo haipiti kwenye mafuta?

#2 Kijana wa Kisauni

Ahsante kwa mada, mkuu. Mimi ni mmoja wa hao wenye kauli unayoipinga, na bado sijaona kilichovunjwa. Mwaka 1986 ilichapishwa kazi kutoka Denmark iliyowachunguza watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wa kuasili. Miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, na haikufuata ya wale waliowalisha. Chungu kilikuwa cha watu wengine kabisa, lakini mwili ukafuata damu. Ikiwa hali ni hiyo, kijana aambiwe afanye nini juu ya kitu alichopewa kabla hajazaliwa?

#3 Mwalimu wa Baiolojia

Kijana wa Kisauni, utafiti wa Denmark ni wa kweli na umeueleza vizuri, ila hitimisho lako linakwenda mbali kuliko ushahidi wenyewe. Kurithi uwezekano si kurithi matokeo. Chukua jeni ya FTO, iliyotangazwa mwaka 2007 kuwa inahusiana na unene baada ya kupimwa watu zaidi ya 38,000. Aliyerithi toleo la hatari kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama alikuwa mzito kwa wastani wa kilo 3 tu kuliko asiyelirithi kabisa, na kilo 3 haziwezi kuwa ndizo zinazomfikisha mtu kilo 130. Mwaka 2011 takwimu za watu wazima zaidi ya 218,000 ziliunganishwa, zikaonyesha kwamba kwa wale wanaofanya kazi za kutoa jasho au mazoezi, athari ya toleo hilo kwenye hatari ya unene uliokithiri ilikuwa ndogo kwa asilimia 27 hivi. Jeni ni ileile, lakini kauli yake imepungua nguvu.

Sasa nirudi kwa mleta mada, maana ubora wa kazi ya Bristol unaweza kumpita msomaji. Ukilinganisha wanene na wembamba barabarani, hujui kama moyo umeumizwa na mafuta, na sigara, na umaskini, au na kukosa usingizi, kwa sababu mambo hayo hutembea pamoja. Matoleo ya jeni hugawanywa wakati mimba inatungwa, kama karata zinazochanganywa kabla mchezaji hajakaa mezani. Mtoto hapewi toleo la FTO kwa sababu baba yake anavuta sigara. Kwa hiyo makundi mawili yaliyotofautiana kwa urithi huo pekee yanakaribia kufanana kwa mengine yote. Kwa wale wa miaka 21 watafiti walichagua vijana wa pembe mbili, wenye mzigo mkubwa wa matoleo hayo na wenye mzigo mdogo, wakawaita kupigwa picha za moyo kwa mashine ya sumaku. Wenye mzigo mkubwa walikuwa wakisukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo moja la moyo.

#4 Bint Makunduchi

Mimi ni muuguzi, na ningependa tuwe waangalifu na hizi namba za presha kabla ya kuzijengea hoja. Wiki iliyopita alikuja kijana mpanda bodaboda, mnene wa mabega na mikono, ameandikiwa kwenye daftari lake kwamba ana presha ya 148. Nilipomfunga mkanda wa kawaida niliona ule mfuko wa hewa haufiki hata nusu ya kuzunguka mkono, na kila mashine ikijaza, gundi inaanza kuachia kwa sauti ya kuchanika. Nikaenda kutafuta mkanda mpana, ambao katika vituo vingi huwa umefungiwa kabatini au haupo kabisa, nikamkalisha ameegemeza mgongo na miguu yote miwili ikigusa sakafu, nikasubiri apumzike. Ikasoma 131. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na vijana wanene ndio wanaopimwa hivyo kila siku.

Sisemi kwamba Bristol walikosea. Ninasema kwamba hapa kwetu kijana anaweza kuanzishiwa vidonge vya maisha kwa sababu ya mkanda.

#5 Kipanga wa Temeke

Bint Makunduchi, ahsante sana kwa hilo, ni jambo linalostahili uzi wake. Nitaongeza kitu kimoja tu: uzito wa misuli ya moyo haupimwi kwa mkanda. Wale wa miaka 17 walichunguzwa kwa mawimbi ya sauti, na picha za sumaku za wale wa miaka 21 hazijali mkono una upana gani. Kwa hiyo hata tukiiweka presha kando, moyo wenyewe ulikuwa umeshabadilika.

#6 Msafiri wa Maskati

Salaam aleikum jamaa. Naona mnazungumzia jeni kana kwamba zimeshuka bila historia. Mwaka 1962 James Neel, mtaalamu wa urithi wa Marekani, alitoa hoja kwamba wazee wetu waliopita katika njaa waliokoka kwa sababu miili yao ilikuwa hodari wa kuweka akiba, na akiba hiyohiyo sasa inatugeuka pale chakula kinapopatikana mwaka mzima. Sisi huku Maskati tunaliona kwa macho. Babu zetu waliotoka Pemba na Unguja walikuwa watu wa jembe na chombo. Vijana wetu wanatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi, wanaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, wanashuka ofisini, na jioni wali wa nyama unawasubiri. Kisukari na moyo vinawakamata mapema mno. Kwangu mimi maelezo ya Neel yanatosha.

#7 Mlumbi

Wa aleikum salaam, Msafiri. Hoja ya Neel ni nzuri kusimulia, lakini imepingwa kwa nguvu na wanasayansi wenzake. John Speakman, kwa mfano, ameuliza: ikiwa njaa za kale zilichuja watu kwa ukali kiasi hicho, mbona ndani ya kila taifa bado wako wengi ambao ni wembamba hata wakishiba kila siku? Yeye anaona kwamba jeni hizi zilitawanyika bila kuchujwa, basi.

Kuna maelezo mengine ambayo hayahitaji jeni kabisa. Mwaka 1989 David Barker na wenzake walifungua kumbukumbu za zamani za wakunga wa Hertfordshire, wakakuta kwamba wanaume waliozaliwa wakiwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo walipokuwa watu wazima. Watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 nao walionekana baadaye kuwa na matatizo zaidi ya moyo. Mtoto hujifunza tumboni kwamba dunia ni ya shida, kisha anazaliwa kwenye dunia ya chipsi mayai. Hapo urithi ni wa mimba, si wa jeni, na mama akilishwa vizuri unaweza kuzuilika.

#8 Mwalimu wa Baiolojia

Mlumbi, nakubaliana nawe kuhusu Barker, lakini usiiondoe jeni upesi hivyo. Watu wa familia za Framingham, mji wa Massachusetts ambao watu wake wamechunguzwa moyo tangu 1948, walipangwa upya kwa mwaka wa kuzaliwa. Uhusiano wa FTO na unene ulionekana wazi kwa waliozaliwa baada ya 1942, na kwa waliozaliwa kabla haukuonekana. Damu ni za ukoo mmoja, mji ni mmoja. Kilichobadilika ni maisha baada ya vita: magari, mashine, chakula cha viwandani. Jeni ilikuwepo muda wote, ikisubiri mazingira ya kuifanya iseme. Hili linamsaidia Msafiri kwa nusu na linamsaidia Mlumbi kwa nusu, na ndiyo sababu sipendi tunapolazimishwa kuchagua moja.

#9 Daktari wa Zamu

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na naona swali la Kipanga, ambalo ni gumu kuliko yote, limeachwa njiani. Aliuliza kama jeni ina njia ya kufika moyoni isiyopita kwenye mafuta. Ushahidi uliopo unavuta pande zaidi ya moja, nami nitaeleza mifano inayonisumbua.

Watu waliozaliwa na hitilafu katika kipokezi cha MC4R kwenye ubongo hawashibi kirahisi na hunenepa sana tangu utotoni. Tungetegemea presha yao iwe juu mno. Mwaka 2009 kundi la Cambridge lilionyesha kinyume: walikuwa na presha ya chini kuliko wanene wenzao wenye uzito uleule, na watu wa kujitolea walipopewa dawa ya kukiamsha kipokezi hicho, presha yao ilipanda. Maana yake ni kwamba mafuta hayapandishi presha kwa uzito wake tu. Ubongo lazima upeleke amri kupitia mishipa ya fahamu, na amri ikikatika, unene unabaki lakini presha haifuati.

Mfano wa pili ni wa Samoa. Mwaka 2016 lilitangazwa toleo la jeni ya CREBRF ambalo ni la kawaida sana visiwani humo na ni adimu mno kwingineko. Anayelibeba huwa mnene zaidi, lakini uwezekano wake wa kupata kisukari ni mdogo. Sasa ligeuze hilo: mwaka 2011 ilionekana kwamba karibu na jeni ya IRS1 kuna toleo linalompa mtu mafuta machache mwilini, na bado anayelibeba ana hatari kubwa zaidi ya kisukari na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba mtu huyu hana mahali pa kutosha pa kuweka mafuta chini ya ngozi, hivyo yanakwenda kukaa kwenye ini na kuzunguka matumbo. Ndiyo maana katika chumba changu cha kazi tepu ya fundi cherehani ina heshima sawa na mizani. Sentimita 94 kiunoni kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka ninayoanza kuulizia maswali, hata kama mizani haijasema lolote.

#10 Kijana wa Kisauni

Daktari, umenipa pumzi. Kumbe kuna unene usioumiza, na mtu anaweza kuwa na jeni ya Kisamoa bila kujua.

#11 Bint Makunduchi

Kijana wa Kisauni, jeni hiyo ni ya Pasifiki, haijapita Kisauni, kwa hiyo sahani ya pili ya biriani bado haina kibali. Pia soma tena alichoandika Daktari: toleo la Samoa limeonekana kupunguza kisukari. Hakusema moyo.

#12 Shangazi wa Moshi

Wakuu, mimi nina kisa ambacho hakiingii katika maelezo yenu yoyote. Mtoto wa kaka yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 31. Alikuwa mwembamba, mkimbiaji, havuti sigara, hanywi. Kaka yangu, baba yake, naye alifariki ghafla akiwa bado kijana, na sisi tulisema mengi ambayo leo sitayarudia. Baadaye ndipo lehemu (kolesteroli) ya mtoto huyo ilipopimwa, ikakutwa iko juu kupita kiasi. Kama moyo unaumizwa na unene, huyu aliumizwa na nini?

#13 Daktari wa Zamu

Pole sana, Shangazi. Bila kumwona mgonjwa siwezi kutoa jina la ugonjwa, lakini lehemu ya juu sana pamoja na kifo cha mapema cha baba ni sababu ya kufikiria hali ya kurithi ambayo ini linashindwa kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 250 hivi, wanene kwa wembamba, na inatibika kwa dawa. Ndugu zake wa tumbo moja kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na watoto wake vivyo hivyo, kwa hiyo nakusihi wapimwe lehemu hata kama wanajisikia wazima. Hili lisingoje.

Upo pia upande wa faraja. Miongoni mwa Wamarekani weusi waliochunguzwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, asilimia 2.6 walikuwa na hitilafu inayoizima PCSK9, jeni ambayo hupunguza uwezo wa ini kuondoa lehemu mbaya. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88, ingawa wengi katika kundi hilo walikuwa na presha, sigara na uzito kama wenzao. Dawa za sindano za kushusha lehemu zilizokuja baadaye zimejengwa juu ya ugunduzi huo wa damu yenye asili ya Afrika.

#14 Msafiri wa Maskati

Kwa kuwa mmefika kwenye damu ya Afrika, nimewahi kusoma kwamba jeni iliyotukinga na malale ndiyo inayotupa presha na moyo mkubwa.

#15 Mkazi wa Viwandani

Msafiri, hapo pana marekebisho. Jeni unayoisema ni APOL1, na matoleo yake mawili ya hatari yalielezwa mwaka 2010. Ushahidi wake wenye nguvu ni wa ugonjwa wa figo, na ni kwa yule aliyerithi matoleo mawili, moja kutoka kila upande. Figo ikiharibika presha inaweza kufuata, lakini hiyo haiwi jeni ya unene wala ya moyo. Isitoshe, matoleo hayo yameenea zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu huku Mashariki.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwauliza ninyi nyote: vijana wa Bristol wana uhusiano gani na kijana wa Viwandani au Korogocho? Mitaa hiyo miwili ya Nairobi imo katika AWI-Gen, mradi wa kuchunguza jeni na afya ya Waafrika, pamoja na vituo vya Afrika Kusini, Ghana na Burkina Faso. Wanawake wa Soweto na wa Nairobi walikutwa wanene kwa kiwango ambacho hakilingani kabisa na wa Nanoro au Navrongo, vijijini Afrika Magharibi. Ni Waafrika wote, ila mmoja anaishi kwa kununua chakula cha barabarani na mwingine analima. Alama ya FTO inayotajwa kila mara haikufuatana na unene kwa namna ileile katika baadhi ya tafiti za Waafrika, kwa sababu vipande vya vinasaba vyetu ni vya kale zaidi na vimekatika mahali tofauti, hivyo alama hiyo huenda haiko pamoja na kipande chenye athari. Hesabu ya jeni iliyotengenezwa kwa Wazungu ikiletwa kwetu, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutabiri. Nasisitiza pia kwamba waliopimwa katika mradi huo kwa sehemu kubwa ni wa miaka 40 hadi 60. Vijana wetu hawamo.

#16 Mwalimu wa Baiolojia

Mkazi, hoja yako ni nzito kwa upande wa kutabiri, lakini si kwa upande wa sababu. Kama mafuta yanaumiza moyo wa kijana wa Bristol, mwili wa kijana wa Nairobi unafanya kazi kwa kanuni zilezile hata kama jeni zilizomnenepesha ni nyingine. Mwaka 1953 ulichapishwa uchunguzi wa maiti 300 za askari wa Marekani waliouawa Korea, wastani wa umri wao ukiwa miaka 22, na asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Waliofariki wakiwa wadogo huko Bogalusa, Louisiana, walionekana vivyo hivyo, na madoa ya mafuta kwenye mishipa yalizidi kadiri uzito, presha na lehemu zilivyokuwa juu wakati wa uhai wao. Ugonjwa huu huanza ujanani, mapema kuliko maumivu yoyote.

#17 Mlumbi

Hata hivyo, Mwalimu, misuli ya moyo kunenepa si lazima iwe ugonjwa. Moyo wa mwanariadha nao hunenepa. Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi, na moyo unajipanga kuisukuma. Nani ametuonyesha kwamba vijana wale wa miaka 21 walikuwa wameanza kuumwa, na si kwamba mioyo yao ilikuwa inafanya kazi yake inavyopaswa?

#18 Daktari wa Zamu

Mlumbi, picha moja haiwezi kulijibu hilo. Mwanariadha akiacha mazoezi, moyo wake hurudi taratibu. Swali ni kama wa kijana mnene hurudi akipungua, na kwa wengi hupungua kweli, ingawa si kwa kila mtu na si kila mara kikamilifu. Wamarekani walianza mwaka 1985 na 1986 kuwafuatilia vijana 5,115, weusi na weupe, wa miaka 18 hadi 30, katika miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland, na mpaka wamezeeka bado wanapimwa. Kufuata watu namna hiyo ndiko kunakotenganisha moyo uliojipanga na moyo ulioanza kuchoka.

#19 Mkazi wa Viwandani

Basi tuanze na wa kwetu. Nitakapoona kijana wa miaka 18 wa Viwandani anapimwa kiuno, presha kwa mkanda unaomtosha kama alivyosema Bint Makunduchi, lehemu na vinasaba, kisha anatafutwa tena akiwa na miaka 25 na 35, hapo nitakuwa tayari kubishana na Mwalimu kuhusu kanuni zilezile.

#20 Shangazi wa Moshi

Daktari, nimewapigia simu watoto wote wa kaka. Wawili wamekubali kupima lehemu Jumatatu. Wa tatu anasema yeye ni mwembamba, hana haja. Naomba unisaidie maneno ya kumwambia.